Mwanasayansi Akija Kijiweni

Anayetaka kuanzisha mazungumzo ya sayansi mtaani kwake kwa kawaida huanza kwa kusaka ukumbi. Atakodi viti, ataazima projekta, ataandika barua kwa mgeni rasmi, na siku ikifika atajikuta na sura zile zile zinazohudhuria kila semina. Ushauri wangu wa kwanza ni huu: achana na ukumbi. Wafuate watu walipokaa.

Na wamekaa, katika kila mji. Tanga utawakuta Ngamiani kwenye mabaraza ya nyumba za zamani, muuza kahawa katikati, kashata zake pembeni. Mji Mkongwe wa Unguja wako Jaws Corner, pale njia zinapokutana, ambako siasa na mpira hupimwa kila jioni. Bara wako chini ya mwembe ulio mbele ya fundi baiskeli, au kwa mama lishe baada ya shughuli za chakula cha mchana kwisha. Mahali kama hapo pana sheria zake tayari. Mzee anayesikilizwa anajulikana, anayejua kukatiza bila kuudhi anajulikana, na yule apendaye ubishi kwa ajili ya ubishi naye anajulikana. Ukumbi wa kukodi hauna urithi huo.

Ukumbi una ubaya mwingine, nao ni meza kuu. Ikishawekwa meza yenye kitambaa na chupa za maji, kila aliyekaa chini anajua kazi yake: kusikiliza na kupiga makofi. Zitafuata salamu za itifaki, utambulisho, risala, na mwanasayansi atakapopewa nafasi watu wameshaanza kutazama simu. Kijiweni mgeni hukaa kwenye benchi lile lile, hunywa kahawa ile ile, na anayetaka kumpinga yuko karibu naye kiasi cha kumgusa goti. Ukaribu huo ndio unaoleta maswali ya kweli.

Ulaya nao waliligundua jambo hili. Mwaka 1992, mjini Paris, mwalimu wa falsafa Marc Sautet alianza kukutana na watu katika mgahawa wa Café des Phares, uwanja wa Bastille, kujadili falsafa na yeyote aliyeketi pale. Mwaka 1998 Duncan Dallas, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni katika mji wa Leeds, Uingereza, alilichukua wazo hilo akaliingiza kwenye sayansi, akaliita Café Scientifique. Kutoka hapo likaenea nchi nyingi. Kenya na Uganda zimekuwa na mikutano ya aina hii kwa miaka mingi, na huko Kenya chama cha waandishi wa habari za sayansi, MESHA, huwakutanisha wanahabari na watafiti kwa mtindo huo huo. Sisi wa pwani tulikuwa na baraza na kahawa karne nyingi kabla ya Dallas. Kilichokuwa hakijaalikwa ni mtafiti.

Mpangilio wao wa muda, hata hivyo, ni mzuri, na nakushauri uufuate bila kuupunguza wala kuuongeza. Mgeni azungumze kwa dakika 20. Kisha pawe na mapumziko ya robo saa, kahawa imiminwe, watu waongee wao kwa wao. Baada ya hapo saa nzima iwe ya maswali na mabishano. Wengi huyaruka mapumziko kwa kuona ni kupoteza muda. Usiyaruke. Katika ile robo saa ndipo mtu anapomnong'oneza jirani yake, “Hivi alimaanisha nini aliposema…?”, na jirani anamjibu, “Hata mimi nilijiuliza.” Swali ambalo lingebaki moyoni kwa aibu sasa lina watu wawili nyuma yake. Ukienda moja kwa moja kutoka hotuba hadi maswali, watakaonyanyua mikono ni waliosoma, na mkutano wote utabaki kuwa wao.

Nasisitiza mtafiti awafuate watu walipo kwa sababu naona deni. Chukua mkoa wa Tanga. Kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na leo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina vituo Amani na Tanga mjini. Mlingano, wilayani Muheza, kuna utafiti wa mkonge na udongo. Kwa miongo mingi wananchi wa mkoa huu wametoa damu, wamefungua milango ya vyumba vyao ili mbu wahesabiwe, wamejibu madodoso, wameonyesha njia za msituni. Matokeo mengi yamechapishwa kwenye majarida ambayo mwenye nyumba ile hatayaona kamwe. Kumleta mtafiti kibarazani kunampa mwananchi nafasi ya kusikia kilichotokana na damu yake, na kuuliza kwa nini hakuambiwa mapema.

Sasa tuje kwenye wageni. Usianze kwa kumwandikia profesa wa chuo kikuu aliye mbali. Anza na waliopo: afisa ugani wa kata, mtaalamu wa maabara wa hospitali ya wilaya, mwalimu wa fizikia anayependa nyota, mhandisi wa maji, daktari wa mifugo, mwanafunzi wa uzamivu aliyerudi nyumbani kukusanya takwimu zake. Huyu wa mwisho mara nyingi ndiye bora kuliko wote. Kazi bado ni ya moto mikononi mwake, hajazoea kuheshimiwa, na anahitaji sana kusikia watu wa kawaida wanaonaje jambo analolichunguza.

Pia fikiria kualika watu wawili mahali pa mmoja. Hapa Tanga tuna mfano wa ajabu. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Tanzania wamekuwa wakimnasa silikanti, samaki ambaye wanasayansi waliamini alitoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, zama za dinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wengi wa samaki hao walinaswa pwani ya Tanga katika majarife ya papa yaliyotegwa kwenye maji marefu, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari iliyopewa jina la samaki huyo. Ukimwalika mtaalamu wa bahari peke yake azungumzie silikanti, utapata somo zuri. Ukimweka kando yake mvuvi aliyewahi kumvuta mmoja kwenye jarife, utapata kitu kingine kabisa: mmoja anajua nasaba ya samaki, mwingine anajua kina, mkondo, saa ya usiku, na jinsi mnyama yule alivyomtazama. Waache waulizane wao kwanza, wengine wasikilize.

Vivyo hivyo kwa mwani wa Zanzibar. Kilimo hicho kilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wake wengi ni wanawake. Bahari ilipozidi kupata joto, aina ya mwani yenye bei nzuri ikaanza kufa, na watafiti kama Dkt. Flower Msuya wakashirikiana na wakulima kujaribu kulima kwenye maji marefu zaidi, ambako hakuna joto kali. Mada ya namna hii haiwezi kuzungumzwa bila mkulima mwenyewe. Yeye ndiye aliyeingia majini kila bamvua kwa miaka na kuona mabadiliko yanakuja.

Ukishampata mgeni, onana naye kabla ya siku. Simu haitoshi. Mwombe akueleze wewe kwanza, kwa Kiswahili, kazi yake ya kila siku: anaamka anafanya nini, anashika nini, anapima nini. Wataalamu wetu wengi wamesomea kwa Kiingereza na hawajawahi kuieleza kazi yao kwa lugha ya nyumbani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Si kosa lao, lakini wasijifunzie mbele ya watu. Mahali atakapokwama kwako ndipo atakapokwama kijiweni, na mnao muda wa kutafuta maneno pamoja. Mkumbushe pia kwamba dakika 20 ni 20. Aamue jambo moja tu ambalo angependa watu waondoke wakilibishania njiani, mengine ayaache yatoke kwenye maswali.

Projekta mkatalie. Umeme unakatika, jua la jioni linafuta picha, na watu wakitazama ukutani hawatazamani. Badala yake aje na kitu cha kushika au kuona kwa macho. Hapa ningependa nikupe mifano miwili, kwa sababu vifaa ndivyo vinavyobeba mazungumzo kuliko maneno.

Wa kwanza ni mbu. Mtafiti wa malaria aje na chupa mbili za kioo zenye maji na viluwiluwi. Katika moja, viluwiluwi wamelala sambamba na uso wa maji: hao ni wa Anofelesi, wanaokuja kuwa mbu wa malaria. Katika nyingine wananing'inia wakiwa wameinamisha vichwa chini: hao ni wa Kuleksi, mbu wa kawaida wa madimbwi machafu, anayeeneza matende na mabusha. Hakuna haja ya darubini. Chupa zikizungushwa mkono kwa mkono, mtoto wa darasa la nne ataona tofauti kabla ya kuambiwa, na kesho yake atakwenda kuchungulia dimbwi la nyuma ya nyumba yao. Chupa zifunikwe vizuri kwa chandarua au kitambaa chepesi, na mtafiti aondoke nazo zote.

Wa pili ni mahindi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na tangu hapo kila mtu amelisikia neno hilo bila lazima kujua la kufanya. Afisa ugani aje na chupa kavu ya kioo, chumvi kavu na mahindi ya aina mbili, yaliyokauka vizuri na yasiyokauka. Atie mahindi, atie chumvi kidogo, afunge, atikise, aache kwa dakika chache. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi na hayafai kuhifadhiwa. Isipogandamana, yamekauka vya kutosha kwenda ghalani. Ni muhimu aseme wazi kwamba kipimo hiki kinaonyesha unyevu tu, hakionyeshi sumu yenyewe, na kwamba mahindi yanayoonekana safi yanaweza kuwa na sumukuvu. Akina mama watauliza kuhusu uji wa watoto. Awe amejiandaa kwa swali hilo kuliko jingine lolote.

Kwa kusema akina mama nimefika kwenye jambo linaloharibu mabaraza mengi kabla hayajaanza. Kijiwe cha kahawa cha pwani ni mahali pa wanaume. Mwanamke anaweza kupita, hakai. Ukifanya mikutano yako yote pale, umewafungia nje nusu ya watu, tena nusu inayochota maji, inayopika kwa mkaa, inayopeleka watoto kliniki. Suluhisho si kuwaambia wanawake wajikaze waje. Hamisha mkutano. Mwezi mmoja uwe kijiweni, mwezi unaofuata uwe uani kwa mama mwenye mgahawa, au chini ya mti wa shule, au ufuate siku ya kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) mara wakimaliza hesabu zao. Mahali pakibadilika, mada pia itabadilika yenyewe.

Muda nao una adabu yake. Kwa pwani, saa kumi na robo jioni, watu wakishatoka kuswali Alasiri, ni wakati mzuri. Utamaliza kabla ya saa kumi na mbili na hakuna atakayelazimika kuchagua kati ya sayansi na swala ya Magharibi. Bara unaweza kuchelewa kidogo, au kufanya Jumapili mchana baada ya ibada. Mwezi wa Ramadhani ama uache, ama ukutane usiku baada ya Tarawehe, wakati watu wana nguvu na hamu ya maongezi. Angalia ratiba ya ligi pia. Siku Simba na Yanga zinacheza, hata mwanasayansi mwenyewe hatakuja. Ukishapata siku, ishike: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, iwe jua iwe mvua. Watu huacha kuuliza “lini?” na kuanza kuuliza “mwezi huu nani?”

Kuhusu matangazo sina mengi. Kibao cha chaki kwenye kijiwe chenyewe, kundi la WhatsApp la mtaa, tangazo fupi baada ya swala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili kama viongozi watakubali. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa apate habari mapema, si kwa kuogopa bali kwa heshima, na mwalike aje kukaa na wenzake kama mkazi. Kichwa cha mada kiandike kwa njia ya swali ambalo mtu wa hapo angeliuliza. “Kwa nini bamvua la mwezi huu limefika barabarani?” litaleta watu. “Athari za mabadiliko ya tabianchi katika ukanda wa pwani” litaleta maofisa.

Kiini cha yote ni anayeongoza mazungumzo, na hapa naomba uvumilivu wako. Mshereheshaji hafai, huyo ni wa harusi. Profesa wa pili hafai, kwa sababu atashindana na wa kwanza. Tafuta mtu anayeheshimika, anayejua majina ya watu, na aliye tayari kuuliza swali la kijinga kwa niaba ya wote. Kazi yake ni kulinda maswali.

Kwa nini maswali yalindwe, nitakukumbusha kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, karibu na Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa na sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayatia kwenye friji. Siku moja nafasi ndani ya friji ilikuwa chache, Mpemba akayatia yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa, na baadaye mawazo yake yakawa jambo la kuchekwa darasani. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha mjini Dar es Salaam, mwanafizikia Dkt. Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi kuhusu fizikia na maendeleo ya taifa. Wakati wa maswali Mpemba akasimama na kuuliza kwa nini maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Aliahidi kulijaribu, akarudi Dar es Salaam, akalifanyia majaribio maabara, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Wanafizikia bado wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli kila mara na kwa sababu gani, na jambo lenyewe linaitwa kwa jina la Mpemba dunia nzima. Hotuba ya siku ile imesahaulika. Swali ndilo lililobaki.

Yaangalie mambo yaliyotakiwa kuwepo ili swali lile lipone. Palikuwa na nafasi ya maswali. Palikuwa na mgeni aliyekubali kusema, kwa vitendo, “Sijui, ngoja nikaangalie.” Na palikuwa na kijana aliyethubutu mbele ya vicheko. Mawili ya kwanza yamo mikononi mwako wewe mwandaaji. Kwa hiyo mwambie mgeni mapema kwamba “sijui” ni jibu linaloheshimiwa hapa. Mwongozaji naye azuie kicheko kwa upole lakini bila kusita. Mzee akimcheka kijana, amwambie, “Shikamoo mzee wangu, naomba tumsikie kwanza, wewe utafuata.” Swali la kwanza asimpe msomi wala mzee mwenye cheo. Ampe kijana au mwanamke aliyemwona akinong'ona wakati wa kahawa. Likishatoka swali la kwanza mdomoni mwa mtu wa kawaida, mengine yatafuata.

Watakuwepo pia wa kutoa hotuba. Kila kijiwe kinaye mmoja, anaanza na uhuru na kumalizia na bei ya sukari. Mwongozaji amruhusu dakika moja, kisha amuulize, “Kwa hiyo swali lako kwa mgeni ni lipi, kaka?” Kama hana, ashukuru na kugeukia mwingine. Usimnyamazishe kabisa, kwa sababu kesho utamkuta pale pale na wewe utakuwa umeondoka.

Maswali mengine yatavuka mipaka ya mgeni, na hayo yatakufika tu. Mfano wa kwetu ni bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, urefu wa kilomita 1,443. Mhandisi akija kueleza kwa nini bomba hilo lipashwe joto njia nzima, kwamba mafuta ya Uganda yana nta nyingi na yakipoa huganda, ni mada tamu sana. Lakini dakika ya kumi ya maswali mtu atauliza kuhusu fidia ya shamba lake. Swali lake ni la haki kabisa, ila mhandisi hana jibu lake, na akijaribu kulijibu atadanganya au atajitetea. Mwongozaji aliandike mbele ya mwenyewe, amtajie ofisi inayohusika, na kama inawezekana aahidi kumtafuta mtu wa ofisi hiyo siku nyingine. Akiahidi, atimize.

Daktari akiwa mgeni, mtu atafunua shati kuonyesha uvimbe. Daktari asipime mbele ya watu; amwambie waonane pembeni, au aende kituo cha afya. Kama mada ni Virusi vya UKIMWI au uzazi, mwongozaji atangaze mwanzoni kwamba hakuna atakayeulizwa habari zake binafsi. Likija swali la dini, mwanasayansi aeleze anachokiona na jinsi alivyokipima, asiombwe fatwa. Na kuhusu simu: ombeni watu wasirekodi bila kukubaliana. Nusu sentensi ya daktari kuhusu chanjo, ikikatwa na kurushwa WhatsApp, inaweza kumharibia kazi na kuwatia hofu wazazi wa wilaya nzima.

Fedha. Mazungumzo ya namna hii hayahitaji fedha nyingi, na zikiwa nyingi yanaharibika. Unahitaji dele la kahawa au sufuria ya chai, kashata au maandazi, na nauli ya mgeni. Mwenye kijiwe au mgahawa atauza kuliko kawaida siku hiyo, kwa hiyo mwombe achangie kwa kupunguza bei, naye atakubali.

Lakini kuna posho. Miaka ya semina imetufundisha kwamba anayekaa kusikiliza analipwa, na mtu atakuuliza waziwazi, “Bahasha iko wapi?” Usikasirike, hakubuni yeye mazoea hayo. Mjibu wazi kwamba hapa hakuna posho kwa yeyote, wala kwa mgeni, wala kwa mwongozaji, wala kwako. Baadhi wataondoka. Waache waende, na usilegeze. Ukilipa mara moja, mkutano wa pili watakuja wanaofuata bahasha, na mwanasayansi atakuwa anazungumza na watu wanaosubiri amalize. Waliobaki bila posho ndio watakaokuuliza swali la Mpemba.

Wafadhili nao watakuja baraza likishapata jina. Kampuni ya mbegu itataka kuleta mtaalamu wake, muuza dawa lishe atajitolea kununua vinywaji vyote. Kataa kila anayeuza kitu kinachohusiana na mada. Mtaalamu wa kampuni anaweza kuwa mkweli kabisa, lakini mkulima hatajua lini anaambiwa na lini anauziwa. Nimeona mkutano mzuri ukigeuka duka baada ya katoni moja ya sampuli kufunguliwa, na watu wa hapo hawakuiamini tena mikutano ya aina ile.

Nunua daftari la kaunta. Kila mkutano, mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri aandike maswali yote, yaliyojibiwa na yasiyojibiwa, pamoja na jina la mada na tarehe. Mkutano unaofuata uanze kwa kusoma yale yasiyojibiwa ya mwezi uliopita, na jibu kama limepatikana. Daftari hilo mpelekee mgeni baada ya mkutano apige picha kurasa zake. Mtafiti mwenye akili atakuta humo maswali bora kuliko ya wafadhili wake. Na ukihama mji au ukiugua, daftari linaweza kushikwa na mwingine. Mapema kabisa, miezi ya mwanzo, mpe mtu mwingine aongoze mkutano wewe ukiwa umekaa nyuma kimya. Baraza linalomtegemea mtu mmoja hufa naye akipata uhamisho.

Kama unataka tarehe ya kuanzia kupanga, anga limekupa. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Litafunikwa lote katika ukanda unaopita Afrika Kaskazini, Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia, na sisi Afrika Mashariki tutaliona likifunikwa sehemu tu. Wengi wanakumbuka tarehe 1 Septemba 2016, watu walipomiminika Rujewa, Mbarali, mkoani Mbeya, kuona jua limebaki pete. Panga mkutano wako wa Julai 2027 uwe juu ya jambo hilo: mwalimu wa fizikia, chungwa, limau na taa ya mkononi vinatosha kuonyesha mwezi unavyopita mbele ya jua. Sehemu ya pili ya mkutano huo iwe ya macho. Jua linalopatwa sehemu linaunguza jicho bila maumivu, na miwani ya kawaida ya jua, kioo kilichofukizwa moshi au karatasi ya eksirei havikingi. Tafuteni mapema miwani maalumu yenye alama ya kiwango cha ISO 12312-2, wala msinunue ya mikononi isiyojulikana ilikotoka. Msipoipata, toboeni tundu dogo kwenye kadi, mgeuzie jua mgongo, mwanga upite kwenye tundu na uangukie karatasi nyeupe. Mtaliona jua dogo limemegwa. Chekecheke la jikoni hufanya kazi hiyo hiyo, kwa majua mengi kwa pamoja. Watoto wafanye zoezi siku ya mkutano, ili siku yenyewe pasiwe na wa kukimbizana naye.